Ngome za reli Marekani hazikuwa zote na kuta za magogo

Miaka nenda miaka rudi, magrupu yanazungusha picha ya ukuta wa magogo yenye ncha, eti ngome zote zilizolinda reli ya magharibi mwa Marekani zilikuwa hivyo. Si kweli. Fort Fred Steele, Wyoming, iliyoanzishwa 1868 reli ilipovuka mto North Platte, ilikuwa majengo kuzunguka uwanja wa gwaride, bila ukuta. Askari walilinda daraja na wajenzi wa reli. Tazama picha za enzi hizo: mabweni, kisha nyika tupu. Sinema ndizo zimetuchanganya, pamoja na ngome chache kama Fort Phil Kearny ya 1866, ambayo kweli ilizungushiwa magogo. Picha hiyo ikikufikia, tafadhali, iishie kwako.