Wakimbizi, WhatsApp na tunayoyathamini

Habari ya boti ya wakimbizi ikifika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, Unguja au Pemba, maneno hayakawii: "wavamizi hao", "wanafuata maisha tu". Yanayosemwa juu ya waomba hifadhi mengi si kweli. Na hata tunavyowafikiria wanaoyaandika, mara nyingi tunakosea. Tuyapitie madai machache, moja moja.

"Anayewapinga wakimbizi hajui tu. Mpe takwimu atabadilika."
Tunu za mtu, yaani mambo anayoyathamini maishani, mara nyingi zina nguvu kuliko takwimu. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz alizipanga tunu hizo mwaka 1992 katika mafungu kumi, na tafiti zilizofuata katika nchi nyingi za Ulaya zimeonesha mwelekeo mmoja: anayetanguliza usawa na maslahi ya watu wote huwa radhi zaidi kuwapokea wageni, na anayetanguliza usalama na desturi huwa na wasiwasi nao. Kwa hiyo mwenye hofu ya usalama ajibiwe kuhusu usalama. Aelezwe kwamba muomba hifadhi huandikishwa, huhojiwa, na ombi lake laweza kukataliwa. Kumwita mbaguzi kunamfungia mlango tu.

"Mshika dini lazima awe mkali kwa wageni."
Hili linaniuma, maana dini yetu ina hoja nzito kinyume chake. Masahaba wa mwanzo walikimbilia Habasha (Uhabeshi), na Najashi, mfalme Mkristo wa huko, akakataa kuwarudisha kwa Makureshi, kabila la Makka lililokuwa likiwatesa. Sura ya Tawba, aya ya 6, inaagiza hata mshirikina, yaani anayeabudu miungu mingine, akiomba ulinzi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Mapenzi ya dini yanaweza kumvuta mtu huku au kule; ni juu yetu, barazani na mitandaoni, kuyakumbusha haya.

"Ukimbizi ni mambo ya watu wa mbali."
Januari 2001, maandamano ya kisiasa yalipozimwa kwa risasi, zaidi ya Wazanzibari 2,000, wengi wao Wapemba, walikimbilia Kenya. Walivuka bahari hadi Shimoni, na wengine wakapelekwa kambi za Dadaab, mbali kabisa na pwani. Wengi walirudi baadaye. Na kabla yao, Mapinduzi ya 1964 yaliwatawanya watu hadi Oman na Uingereza. Kijana wa Micheweni anayemtukana Msudani aliye baharini huenda ana ami au shangazi aliyewahi kukimbilia Shimoni. Wazee wetu na wasimulie haya waziwazi.

"Wote wanakwenda Ulaya."
Wengi hubaki nchi za jirani. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo, na baadaye ikawapokea Warundi.

"Aliyeingia bila karatasi ni mhalifu."
Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumuadhibu aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari na kuingia bila kibali, mradi ajitokeze kwa wenye mamlaka bila kuchelewa na kueleza sababu. Tanzania imeuridhia mkataba huo.