Mfupa umeunga, mkono bado unawaka: dhana potofu kuhusu maumivu ya neva baada ya ajali

Siku waliponikata P.O.P, fundi wa plasta aliuinua mkono wangu wa kushoto, akaukunja, akaukunjua, akasema, "Kiwiko kimeunga vizuri, kaka. Nenda kafanye kazi." Eksirei nayo ilikuwa safi. Usiku ule nikashindwa kuvaa shati, maana kila kitambaa kilipogusa kidole cha mwisho nilihisi kama mtu amenipitishia pasi ya mkaa.

Nilianguka na bodaboda Mbagala miaka sita iliyopita. Tangu hapo ninaishi na maumivu ya neva, au mishipa ya fahamu kama wengi tunavyoiita, na sijawahi kukosa washauri: mashemeji, abiria wenzangu, wauza dawa, hata mafundi wa pikipiki. Mengi waliyoniambia hayakuwa kweli. Baadhi niliyafuata kwa bidii, na haya hapa ndiyo yaliyonigharimu.

"Ni mshipa tu huo, damu haipiti"

Hapa lugha yetu wenyewe imetuponza. Unaopitisha damu ni mshipa. Unaopeleka taarifa kwenye ubongo ni mshipa. Kano inayovuta kidole, watu wanaiita mshipa. Na mzee wa pwani akikwambia anasumbuliwa na mshipa, huenda anazungumzia ngiri. Kwa hiyo mtu akisikia "mshipa umeumia" anafikiria damu iliyolala, na tiba yake ni kuiamsha: kuchua kwa nguvu, kuumika, kukanda kwa maji ya moto.

Mimi nilikandwa kwa maji ya moto wiki tatu. Sehemu iliyokufa ganzi haijui moto ni kiasi gani, na wiki ya tatu nikaamka na lengelenge kubwa pembeni ya kiganja ambalo sikulihisi likiundwa. Anayekuchua naye anasugua mahali ambapo hata unyoya unauma, halafu anakwambia ukilia ndiyo dalili kwamba dawa inaingia.

Neva haipitishi damu bali ujumbe. Iliyoumia kwangu inapita nyuma ya kiwiko, pale pale ambapo ukijigonga kwenye meza unapigwa shoti hadi kidoleni. Kila mtu anapajua. Neva hiyo inahudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Daktari aliyenigundua hakutumia mashine yoyote: alichukua pamba akaipitisha kwenye kidole changu cha pete. Upande wa kidole cha kati niliihisi pamba. Upande wa kidole cha mwisho niliruka kitini. Kidole kimoja, pande mbili. Tatizo la damu haliwezi kukigawa kidole katikati namna hiyo.

"Pakishakufa ganzi hapawezi kuuma"

Panaweza, tena vyote kwa pamoja, na hilo ndilo linalowachanganya hata ndugu wanaokuuguza. Neva iliyojeruhiwa inashindwa kuleta habari za kweli, yaani baridi, mguso, umbo la kitu ulichoshika, lakini inatuma za kwake yenyewe: moto, shoti, sindano, mchwa wanaotembea. Uti wa mgongo na ubongo, vikipokea kelele hizo miezi na miezi, huongeza sauti badala ya kupunguza. Ndiyo maana mguso mwepesi wa shuka unageuka maumivu.

Waliokatwa mguu huumwa na vidole ambavyo havipo. Ambroise Paré, mpasuaji wa Kifaransa, aliliandika hilo katika karne ya 16. Na vijana wa bodaboda walioangukia bega hadi mizizi ya neva ikang'oka kwenye uti wa mgongo wanalijua vizuri zaidi: mkono umening'inia, haujongei, ukiuchoma sindano hawasikii, na bado unawaka usiku kucha. Basi ukisikia mtu anasema "si waikate tu hiyo neva", mwambie wapo waliokatwa mkono mzima na maumivu yakabaki.

"Eksirei haionyeshi kitu, basi ni mawazo"

Eksirei inaonyesha mifupa. Kuitafuta neva humo ni kama kutafuta sauti kwenye picha.

Mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Silas Weir Mitchell na wenzake wawili huko Philadelphia walichapisha kitabu kuhusu askari waliopigwa risasi na kuumia neva. Vidonda vilikuwa vimefunga, lakini askari hao walishinda wakiviringisha mikono yao katika vitambaa vibichi, chupa ya maji pembeni, kwa kuwa ngozi ikikauka iliwaka. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu: mimi nilikuwa nalala na kanga iliyoloa juu ya mkono. Eksirei yenyewe iligunduliwa mwaka 1895. Maumivu haya yalishaandikwa miaka 31 kabla ya kipimo ambacho leo kinatumika kuyakana.

Kipo kipimo cha kupitisha umeme kwenye neva, na ni kizuri, ila kinapima nyuzi nene. Zile nyembamba zinazobeba maumivu na joto hakizioni. Kwa hiyo majibu yakirudi safi, hayajamaliza mjadala. Maelezo ya mgonjwa, pamba, na ncha ya sindano bado ndiyo msingi.

"Dawa ya maumivu ni dawa ya maumivu, ongeza dozi"

Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza kemikali za uvimbe kwenye kidonda kibichi, na kwa jino au kifundo kilichoteguka zinasaidia. Neva iliyoharibika haiumi kwa sababu ya uvimbe huo, hivyo dawa inafika na kukuta hakuna kazi yake. Nilizimeza miezi minne, mbili asubuhi na mbili jioni, nikaishia kuumwa tumbo juu ya mkono. Kwa wengine zinaharibu figo.

Halafu kuna wanaohamia kwenye sindano ya kalio, kwa imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Ikichomwa mahali pasipo pake, karibu na katikati badala ya sehemu ya juu kwa nje, inaweza kuipata neva kubwa ya mguu. Umeenda kutibu neva moja, unarudi umeumiza ya pili na unaburuza unyayo.

"Kakuandikia dawa za wendawazimu"

Daktari aliponiandikia amitriptilini nilikwenda nayo duka la dawa mtaani kwetu. Dada wa kaunta alikisoma cheti, akakisoma tena, akainama na kunong'ona: "Kaka, samahani. Hizi ni za wagonjwa wa akili. Una uhakika ni zako?" Nyuma yangu walikuwepo watu wanne. Nilisema nimetumwa, nikaondoka bila dawa. Nilipoteza miezi miwili kwa aibu ile.

Dada yule hakusema uongo, alisema nusu. Amitriptilini ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona. Baadaye ikaonekana inatuliza maumivu ya neva hata kwa mtu asiye na sonona yoyote, tena kwa dozi ndogo: mimi nilianza na miligramu 10 usiku, nikapanda hadi 25, wakati anayetibiwa sonona mara nyingi anatumia 75 hadi 150. Ubongo una breki zake za kuzuia maumivu, zinazoshuka kupitia uti wa mgongo, na dawa hii inazikaza. Gabapentini na pregabalini zilitengenezwa kwa ajili ya kifafa. Zinapunguza jinsi neva zinavyorusha ujumbe ovyo. Duloksetini nayo ni ya sonona na inafanya kazi inayokaribiana na ya amitriptilini. Hizi ndizo dawa za mstari wa mbele, na mgonjwa hapewi kwa sababu daktari amemwona kichaa.

Ila nisiziuze kupita kiasi. Tafiti zikikusanywa pamoja, inabidi watu wanne au watano watumie dawa za jamii ya amitriptilini ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo kidonge kitupu kisingempa. Kwa gabapentini na pregabalini inabidi wawe saba hadi tisa. Na nafuu kubwa maana yake ni maumivu kupungua kwa nusu, si kwisha. Zinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo kumeza siku tano na kuzitupa ni kutojaribu. Mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, asubuhi unaamka kama umelewa. Ndiyo maana nameza saa mbili usiku na si saa tano. Mwenye ugonjwa wa moyo, au mzee mwenye shida ya kukojoa, aseme mapema. Mwenye figo mbovu anapunguziwa gabapentini. Na hakuna hata moja kati ya hizi ya kuacha ghafla; unashuka polepole kama ulivyopanda.

Tramadoli? Inasaidia baadhi, lakini inakuja baada ya hizo, kwa muda mfupi, mkononi mwa daktari. Inazoeleka haraka kuliko watu wanavyokiri.

"Kula vitamini B kwa wingi, zinajenga neva"

Zinasaidia aliyepungukiwa nazo. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu anapewa B6 kwa sababu dawa ile inaimaliza, na hapo ina maana kabisa. Neva yangu haikupungukiwa na chochote, iligongwa. Na B6 nyingi ikitumiwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva, inaleta ganzi ile ile uliyokuwa unaikimbia. Pesa za chupa zile ningelipia fiziotherapia.

"Upumzishe mkono, usiuguse"

Mwezi wa kwanza, sawa. Baadaye mkono uliofichwa unazidi kuwa mkali, viungo vinakakamaa, na ubongo unauona kama kitu kigeni. Fiziotherapia yangu ilikuwa na vifaa vya jikoni: pamba dakika mbili, kisha kanga laini, kisha taulo, kisha kuzamisha vidole kwenye bakuli la mchele mkavu. Mara tano kwa siku, kila kimoja hadi kikinikera tu bila kunitoa machozi, ndipo nihamie kinachofuata. Ilinichukua miezi mitatu kufika kwenye mchele. Mke wangu alikuwa anacheka kwamba nimeanza kuchambua wali usiopikwa.

Kwa waliokatwa kiungo, kioo cha kawaida kinaweza kusaidia: unaweka mkono mzima mbele ya kioo, unaujongeza, ubongo unaona kama ule uliokosekana umerudi na unatii. Haiwafai wote, lakini ni kioo tu, gharama yake ni ndogo.

Na pilipili, kwa kuwa nitaulizwa. Ni kweli kiini chake cha kuwasha kinatengenezewa dawa ya kubandika kwenye ngozi, na utafiti wa jinsi neva zinavyohisi ukali huo ulimpatia David Julius nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Hiyo haimaanishi utwange pilipili kichaa ujipake.

"Subiri, itaisha yenyewe"

Neva iliyobanwa au kuvutwa bila kukatika inaweza kupona, lakini inaota milimita 1 hivi kwa siku. Piga hesabu: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni mwaka na zaidi. Mtu anayeahidi kukuponya kwa siku saba anakudanganya, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Iliyokatika au kung'oka haisubiri. Misuli isiyopata ujumbe inakonda, na baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu hata neva ikiifikia inakuta haiwezi tena kuipokea. Ndiyo maana wapasuaji wa neva wanataka kumwona mgonjwa ndani ya miezi mitatu, isizidi sita. Wengi hufika sehemu kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wakiwa wameshamaliza mwaka kwa mganga wa jadi wa mifupa. Baada ya ajali, ukiona mkono au mguu hauinuki, au vidole vinakonda, omba rufaa wiki hiyo hiyo.

Mimi yangu haikukatika, na haikupona yote. Maumivu yaliyokuwa yakiniamsha mara nne usiku sasa yananiamsha mara moja kwa wiki, mvua ikinyesha. Kwenye daladala nakaa kiti cha dirishani upande wa kushoto ili kiwiko kisipate jirani, na dirisha nalifunga kwa sababu upepo nao unauma. Abiria wa nyuma akianza kulalamika joto, konda ndiye anayemjibu.