Kupiga picha kundi la ndege za kivita: lenzi, fokasi na wakati wa kubofya

Ndege tisa zikipita bawa kwa bawa, unachopiga picha ni umbo lao, wala si ndege mojamoja. Kwa hiyo lenzi ya milimita 500 au 600, inayofaa sana kwa ndege moja, hapa hukwamisha. Karibu kazi yote hufanywa na ya 70–200. Kundi likipangwa kupita juu ya vichwa, uwe na ya 24–70 karibu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kamera ya sensa (kipande kinachonasa mwanga) kamili, yenye upana wa milimita 36, zidisha 36 kwa umbali, kisha gawanya kwa upana wa kundi, upate milimita za lenzi. Kundi la mita 120 likiwa mita 600 kutoka ulipo hujaza fremu ukingo hadi ukingo kwa milimita 180. Rudi basi hadi 135, maana ncha ya bawa la ndege ya pembeni ikishakatwa, picha imeharibika. Kwa sensa ndogo tumia 24 badala ya 36. Umbali hukadiriwa mapema: Marekani, kwa mfano, jeti za kasi zinapofanya sarakasi, mstari wao huwa futi 1,500 kutoka kwa watazamaji, yaani kama mita 457.

Ndege za nyuma zikitoka na ukungu, wengi hulaumu tundu la lenzi. Mara nyingi sivyo. Kwa milimita 200 na tundu la f/8, ukifokasi mita 500, kila kitu kuanzia mita 125 hivi hadi upeo wa macho kiko sawa. Tatizo ni kwamba nukta ya fokasi imepenya kwenye uwazi kati ya ndege mbili ikashika anga, au imeng'ang'ania moshi. Tumia fokasi endelevu yenye eneo pana kiasi, mshike kiongozi wa kundi angali mbali, na upunguze wepesi wa kamera kuhama shabaha.

Sasa wakati wa kubofya, ambao kwangu ndio moyo wa kazi hii. Ukilitazama kwa ubavu, umbo la almasi hujibana likawa mstari, mabawa yakifunikana. Hufunguka ndege zinapolala upande na kuonyesha migongo au matumbo. Anza kubofya kabla hazijalala, fremu nne au tano kwa mkupuo, upumzike, urudie. Ukikandamiza kitufe mfululizo, kumbukumbu ya muda ya kamera hujaa sekunde ileile umbo linapokamilika. Wakati wa kuchagua, hakikisha anga inaonekana kati ya kila ndege na jirani yake. Fremu isiyo na uwazi huo naitupa, hata iwe kali namna gani.

Jeti zinataka shata (muda wa kunasa mwanga) ya sekunde 1/1000 hadi 1/2000. Kundi likiongozwa na C-130, ndege ya mizigo ya propela, mambo hubadilika. Propela zake huzunguka mara 1,020 kwa dakika. Kwa 1/1000 husogea nyuzi 6 tu, na ndege huonekana imezimika hewani. Kwa 1/200 husogea kama nyuzi 30, na mzunguko unaonekana. Fremu nyingi zitatikisika, kwa hiyo piga nyingi zaidi.

Mwanga uuweke kwa mkono. Ukiiachia kamera, kundi likipita mbele ya wingu jeupe ndege zote hugeuka vivuli vyeusi. Jua likiwaka: ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 400, f/8, 1/1600. Matumbo yakiwa kivulini, ongeza nusu stopu hadi moja (stopu moja ni mwanga maradufu). Moshi mweupe hupotea kwenye anga ya mawingu, basi siku hiyo usiutegemee kuchora umbo.

Mchana wa joto, kundi likiwa chini na mbali juu ya lami, hewa ya moto hulainisha picha na hakuna mpangilio wa kamera utakaoisaidia. Subiri lipande au likaribie.

Anga ya buluu pia hufichua vumbi la sensa, nalo hufanana mno na ndege ya mbali. Kabla ya siku yenyewe, piga anga tupu kwa f/16, ikuze hadi asilimia 100, na usafishe sensa ukiona madoa.