Heshima mahakamani na kosa la kuidharau Mahakama

Kila Wiki ya Sheria, Mahakama inapotoa elimu kwa wananchi, swali hili halikosi bandani: hakimu aitweje? Wapo wanaosema "Your Honour" kama walivyosikia kwenye filamu, wapo wanaomwita Mtukufu, na wapo wanaopiga magoti. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya Mahakama nchini Tanzania, hivyo "Mheshimiwa Hakimu" au "Mheshimiwa Jaji" inatosha. Magoti hatuyahitaji. Hayapunguzi adhabu wala hayaongezi uzito wa ushahidi.

Simama hakimu anapoingia na unapozungumza naye, zima simu, na usimkatize shahidi hata ukiona anadanganya. Zamu yako ya kumhoji itafika. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mdai anainuka kwenye benchi, anamnyooshea kidole shahidi wa mwenzake, "Muongo huyu!" Akionywa, anamgeukia hakimu na kudai amehongwa.

Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalitaja hilo kuwa ni kosa, na mtu anaweza kufungwa hadi miezi sita. Likitendeka mbele ya hakimu, anaweza kuamuru mhusika ashikiliwe na kulimaliza siku hiyohiyo kabla Mahakama haijainuka, ingawa kwa njia hii ya mkato adhabu huwa ndogo zaidi. Hata hivyo ni lazima mhusika aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea, na yote yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za kesi. Kifungu hichohicho kinamgusa shahidi aliyeitwa asifike, na pia anayerudi kulima shamba ambalo Mahakama imeshamkabidhi mwenzake. "Ni la babu yangu" si utetezi.

Inasikitisha kwamba bado wapo wanaoamini kuipinga hukumu ni dharau. Si kweli, na wananchi wanapoteza haki zao kwa woga huo. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo hukatwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Kama tatizo ni mwenendo wa hakimu mwenyewe, ipo Kamati ya Maadili ya wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya. Tuhuma za rushwa zipelekwe TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Andika namba ya shauri, tarehe, na maneno yaliyosemwa.