Nani analipa nauli ya mwekahazina?

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii kutoka kwa mtu niliyemdhania anajua hesabu: "Sisi tunataka kila shilingi iende kwa mradi. Hakuna hata senti ya ofisi." Aliyasema kwa majivuno akingoja makofi, na makofi akapigiwa. Mimi sikupiga. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuvitunzia vitabu vikundi vya kijamii hapa Pwani ya Kenya: vya mikoko, vya BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo zao), vya akina mama wa mwani. Faili nyingi zinazofika mezani kwangu zikiwa zimeharibika ni za vikundi vilivyoyaamini maneno hayo hayo.

Basi niyaseme yote leo, na nikiulizwa tena nitatuma kiungo.

Mradi, kwa watu hawa, ni kile kinachopigika picha: miche, mizinga ya nyuki, tangi la maji lenye jina la mfadhili. Kilichobaki chote ni ofisi, na ofisi ni ulaji. Haya, tuchukue kikundi kilichopewa shilingi laki tano za miche. Mkataba unataka risiti ya kila kitu, ripoti kila robo mwaka, picha zinazoonyesha mahali hasa miche ilipopandwa, na mwisho hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni. Mwekahazina ni mama anayekaanga samaki jioni. Katiba ya kikundi inataka sahihi tatu benki, kwa hiyo kila pesa inapotolewa watu watatu wanapanda matatu hadi mjini, wanapiga foleni, wanakula mchana, wanarudi. Mama siku hiyo hakuuza samaki. Katibu naye anaandika ripoti kwa simu usiku, kwa bando lake mwenyewe. Mkaguzi hafanyi kazi kwa thawabu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye bajeti. Lakini gharama ipo, na itatoka mahali. Mwaka wa kwanza inatoka mifukoni mwa viongozi, kwa moyo safi kabisa. Mwaka wa pili moyo umechoka, na hapo ndipo ninapoanza kuona risiti za miche 300 pale penye miche 220. Watu hudhani nikiona risiti hiyo nimemshika mwizi. Mara nyingi nimeshika nauli iliyovaa kanzu. Yule mama hakula kitu, alijirudishia alichotumia kwa njia pekee ambayo fomu ilimwachia. Ila kwenye vitabu ni uongo, na mkaguzi atauita uongo, na mfadhili atafunga faili. Kijijini watasema "tulijua tu, wamekula." Sheria iliyowekwa kuzuia wizi ndiyo iliyomfundisha mtu mwaminifu kughushi.

Niende kwenye kinachonikera zaidi.

Uendeshaji, yaani hiyo hiyo "ofisi", ni dhambi kwa kikundi cha kijiji peke yake. Panda ngazi uone. Fedha hutoka kwa serikali ya nchi tajiri au wakfu, zikaingia shirika kubwa la kimataifa, zikashuka shirika la Nairobi, pengine zikapita kwa mwingine tena, ndipo zikafika kwa kikundi. Kila kituo kinakata sehemu yake ya uendeshaji, kihalali kabisa. Kanuni za fedha za serikali ya Marekani ziliruhusu kwa miaka mingi shirika lisilo na kiwango maalumu kilichokubaliwa litoze asilimia 10 juu ya gharama zake za moja kwa moja, na tangu Oktoba 2024 kiwango hicho kimepanda kuwa 15. Hayo ni kwa wadogo. Mashirika makubwa hujadiliana viwango vyao, na mara nyingi huwa vikubwa zaidi ya hapo. Silalamiki. Walichokigundua ni kweli: taa haziwaki bure. Kinachonishinda kuelewa ni kwa nini ukweli huo unaishia kwenye kivuko cha Likoni, pale Mombasa. Mtu mwenye mshahara wa uendeshaji, ndani ya gari la uendeshaji, anafika kijijini kuwaambia watu kwamba mradi huu hauna kipengele cha uendeshaji.

Na usidhani fedha zenyewe zinafika kwa wingi. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, serikali na mifuko ya hisani iliahidi dola bilioni 1.7 kwa watu wa asili na jamii za wenyeji wanaolinda misitu. Ripoti ya kwanza ya utekelezaji, ya wafadhili wenyewe, ilionyesha kwamba asilimia 7 tu ndiyo iliyokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, nao waliahidi mwaka huo huo kwamba robo ya fedha zao zitakwenda moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji kufikia 2025. Hawakukaribia, na ilipofika Julai 2025 hata USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Sababu inayotolewa siku zote ni kwamba vikundi vya chini "havina uwezo" wa kusimamia fedha. Uwezo huo ni nini? Ni mhasibu, kompyuta, mkaguzi na mtu wa kujibu barua pepe. Yaani uendeshaji. Unamnyima mtu kitu miaka kumi, kisha unamkataa kwa sababu hana kitu hicho.

Kwenye mikutano yetu, mtu akishabanwa, huwa na jibu moja: "Mbona Mikoko Pamoja wameweza?"

Afadhali umetaja. Ni mradi wa jamii wa kulinda mikoko, Ghuba ya Gazi, Kwale: vijiji viwili, Gazi na Makongeni, hekta 117 za mikoko, mauzo ya hewa ukaa (watu wa nje hulipia kaboni ambayo msitu unaifyonza na kuihifadhi) tangu 2013 kwa mkataba wa miaka 20, tani 3,000 hivi kwa mwaka. Walikuwa wa kwanza duniani katika aina yao, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka, na yamelipia maji, vitabu vya shule na mengineyo ambayo wanakijiji huamua wenyewe. Ni mradi ninaouheshimu sana. Lakini unaponiletea kama ushahidi kwamba kikundi kinaweza kusimama bila gharama za uendeshaji, unanilazimisha nifungue vitabu.

Nani alijua kuna tani ngapi mle ndani? Watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao wana kituo pale pale Gazi na walikuwa wakipanda, wakipima na kuhesabu mikoko ya ghuba hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dkt. James Kairo akiwa mmoja wao. Walishirikiana na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier. Mishahara hiyo yote, miaka karibu ishirini kabla ya tani ya kwanza kuuzwa, haikutoka kwenye bajeti ya kijiji. Anayeuza hati za kaboni huko nje ni shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, ACES. Kiwango wanachofuata, Plan Vivo, kinadai ripoti ya kila mwaka na uhakiki wa mtu wa nje kila baada ya muda. Kuna mratibu na kuna walinzi wa msitu. Kuna shamba la mivinje, kwa sababu ukimwambia mtu asikate fito na boriti mkokoni lazima umwonyeshe atajengea nini. Yote hayo ni uendeshaji! Mikoko Pamoja ni ushahidi mkubwa kuliko wote ninaoujua kwamba jamii ikibebewa gharama za nyuma kwa subira, inaweza kuendesha jambo lake. Vanga, Jimbo na Kiwegu waliofuata, na hekta zao 460 hivi, hawakuanza kutoka sifuri. Walianzia kwenye kazi iliyokwisha kulipiwa Gazi.

Sasa ngoja niwaudhi wapanda miti.

Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu ziko Lamu, na kila mwaka vikundi vinapewa fedha za "miche". Kwa nini miche? Kwa sababu mche unahesabika. Mfadhili akiandika miche 50,000, kikundi kitapanda miche 50,000, na karibu yote itakuwa ya aina moja, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa vile mbegu yake ndefu unaichomeka tu kwenye tope, huhitaji hata kitalu. Itachomekwa mbele kabisa, kwenye uwazi, penye nafasi ya watu mia kupiga picha. Mahali hapo, mvuvi yeyote wa hapa atakwambia, ni pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikokoni, na wakati mwingine si pa mti wowote. Mawimbi yanakuja. Mwakani mfadhili mwingine analipia miche mingine, pale pale.

Sehemu nyingi zilizoharibika hazihitaji miche hata kidogo. Zinahitaji mtu atembee na mchoro wa maji kujaa na kupwa, aone ni wapi mkondo umezibwa, vijana wazibue kwa majembe, kisha mlinzi azuie ukataji miaka mitatu, minne, mbegu zilizoletwa na bahari zijioteshe. Iweke kwenye fomu uone: miche, sifuri. Posho ya walinzi, nauli, siku za kazi, mtaalamu wa kuja mara mbili kwa mwaka. Bajeti nzima ni uendeshaji. Itakataliwa kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo tunapanda miche inayokufa, kwa kuwa kifo chake ni cha "mradi", na hatumlipi mlinzi ambaye angeokoa msitu, kwa kuwa mshahara wake ni wa "ofisi".

Halafu kuna mchango wa jamii. Wafadhili wengi, hata wale wazuri kama Mpango wa Misaada Midogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, ambao ni kati ya wachache wanaowapa vikundi fedha mkononi, hutaka kikundi kichangie fedha au kazi. Naukubali msingi wake. Lakini angalia unavyohesabiwa: wanakikundi 40 wakichimba mashimo bure, siku zao zinapewa thamani ya shilingi na kuandikwa kwa fahari kwenye bajeti. Siku za yule mama benki hazina thamani yoyote. Jembe linahesabika, kalamu haihesabiki. Nawaambia vikundi vyangu: andikeni na kalamu. Kila kikao cha kamati, kila safari ya benki, iwe na tarehe, majina na saa. Mkaguzi hana sababu ya kukataa kilichoandikwa siku hiyo hiyo.

Nikiri sasa yasiyonifurahisha. Mimi hulipwa kutokana na gharama hizi ninazozitetea, kwa hiyo nisikilizeni mkijua hilo. Pili, wanaoogopa ofisi hawaogopi hewa. Nimeona bajeti za "kujenga uwezo" ambazo zilikuwa hoteli ya Diani siku nne, na posho ya kukaa kuliko fedha za msitu. Tatu, sijui kiwango sahihi ni kipi. Kikundi kidogo chenye laki tano kinaweza kutumia asilimia 30 kwa uendeshaji kihalali kabisa, kwa sababu mkaguzi hatozi kwa ukubwa wa kikundi, wakati shirika la mamilioni likifikia hapo ningeuliza maswali. Asilimia peke yake ni kipimo kibovu, na bado sina kizuri cha kuweka mahali pake.

Na la nne linaninyima usingizi zaidi. Kuna vikundi vilivyokuwa hai mpaka tulipovigeuza kuwa vijiofisi. Siku mwekahazina alipoanza kupata posho, wengine tisa wakauliza yao iko wapi, na usafi wa ufuo uliokuwa ukifanyika kila mwezi bila mtu kuulizwa ukaanza kungoja bajeti. Ninalipa gharama zilizotumika, nauli na bando na siku iliyopotea, na ninasita sana kwenye mishahara. Pengine mpaka huo nimeuchora mahali pasipo. Wenzangu wanaofanya kazi Kilifi hawakubaliani nami.

Kwa kaboni swali hili litakuwa kali zaidi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, na ile isiyo ya ardhini 25. Watu wanashangilia 40. Mimi ningependa kila kamati imuulize mwendelezaji wa mradi, kwa maandishi: 60 iliyobaki inalipia nini, mstari kwa mstari? Na pale ambapo jamii yenyewe ndiyo mwenye mradi, anayelinda msitu analipwa kutoka fungu gani, la jamii au la gharama? Likiachwa bila kujibiwa, atalipwa kutoka fungu la vitabu vya shule, na wazazi watamchukia mlinzi.

Kwa kikundi kinachoandika bajeti mwezi huu: tengeni mstari wa usimamizi na uupeni maelezo, msiufiche ndani ya miche. Ukaguzi uwe mstari wake. Nauli ya benki zidisheni kwa idadi ya awamu na idadi ya sahihi. Matengenezo yaandikwe, maana mbao za njia ya kupita mikokoni zinazoloa maji ya chumvi mara mbili kwa siku huoza hata zikifunguliwa na waziri. Mfadhili akifuta mistari hiyo, mwombeni aseme kwa barua nani atalipia ripoti anazozitaka. Wengine hurudisha mistari miwili mitatu baada ya swali hilo. Asiporudisha, pigeni hesabu ya gharama ya kuzipokea hizo fedha, na ikizidi mnachobaki nacho, mwandikieni asante na mkatae. Kikundi kina haki hiyo, ilimradi uamuzi upite kwenye mkutano na uwekwe kwenye muhtasari, mwenyekiti asije akasingiziwa kwamba alificha pesa ambazo hazikuwahi kuingia.