Poti ya siriali kwenye Raspberry Pi: yanayosemwa na ukweli wake

“Pini ya 8 na ya 10 zipo, basi poti iko wazi.”

Haiko wazi. Pini hizi mbili ndizo poti ya siriali, njia ya kupitishia data biti moja moja kati ya bodi hii ndogo ya kompyuta na kifaa kingine. Kuanzia Raspberry Pi 3, poti inayotokea kwenye pini hizo huja ikiwa imezimwa. Andika `enable_uart=1` (kwenye Pi 5, `dtparam=uart0=on`) kwenye faili la mipangilio la config.txt, kisha uwashe bodi upya. Faili lenyewe limehama: tangu Bookworm, toleo la mwaka 2023 la mfumo wa Raspberry Pi OS, linakaa `/boot/firmware/`, huku maelezo mengi ya zamani yakiendelea kukupeleka `/boot/`.

“Kwenye raspi-config jibu ndiyo kila kitu.”

Kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, maswali kuhusu poti ni mawili, na hayaulizi jambo moja. La kwanza: je, mtu aweze kuingia kwenye mfumo kupitia poti hii? La pili: je, poti yenyewe iwashwe? Anayetaka kuiendesha bodi bila skrini ajibu ndiyo kwa kila swali atakaloulizwa. Aliyefunga kipokezi cha GPS ajibu hapana, kisha ndiyo. Asipofanya hivyo, kerneli, yaani kiini cha Linux, itakimwagia kipokezi ujumbe wake, nayo Linux itazipokea taarifa za satelaiti kana kwamba kuna mtu anaandika jina la kuingilia. Hapo ndipo kipokezi kizima huambiwa kibovu.

“Jina la poti kwenye Linux ni ttyAMA0, siku zote.”

Ilikuwa hivyo mpaka Pi 3 ilipotoka mwaka 2016 ikiwa na Bluetooth ndani. UART (saketi inayoendesha poti ya siriali) iliyo bora, PL011, ikapewa Bluetooth. Pini zikaachiwa ile ndogo, ttyS0, ambayo kasi yake hutegemea saa ya kiini cha chipu. Saa hiyo ikipanda au kushuka, kasi ya poti nayo inayumba, na kwenye skrini unaona herufi za ajabu ajabu. Ndiyo maana `enable_uart=1` huifunga saa hiyo isibadilike. Tena poti hii ndogo haina pariti, ile biti ya ziada ya kukagua makosa, kwa hiyo kifaa kinachodai pariti hakitaelewana nayo hata ukikesha.

Kama Bluetooth huitumii, ongeza `dtoverlay=disable-bt`, na PL011 itarudi kwenye pini. Katika programu zako andika `/dev/serial0`, jina linalofuata poti kuu popote ilipo. Tahadhari kwa wenye Pi 5: kwao jina hilo huelekea kwenye soketi ndogo ya pini tatu iliyo kati ya matundu ya HDMI; pini ya 8 na ya 10 ni `/dev/ttyAMA0`.

“Siriali ni siriali, waya wowote unafaa.”

Pini za Pi ni za volti 3.3. Arduino Uno hutoa volti 5, na poti ya RS-232 ya kompyuta za zamani hupita hapo kwa mbali, tena hushuka chini ya sifuri. Ukiunga moja kwa moja unaweza kuichoma chipu, na hakuna cha kubonyeza ili kuirudisha. Tumia adapta ya USB ya volti 3.3. TX (ya kutuma) iende RX (ya kupokea), RX iende TX, na GND (ya chini) ya pande zote mbili iunganishwe.

“Permission denied maana yake poti imekufa.”

Hapana, hujaingizwa tu kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti za siriali.

Kabla ya kukilaumu kifaa, zima ile ruhusa ya kuingia, unga pini ya 8 na ya 10 kwa waya mmoja, fungua minicom, programu ya kuwasiliana na poti ya siriali, kwenye `/dev/serial0` (kwenye Pi 5, `/dev/ttyAMA0`) uandike chochote. Herufi zikirudi, Pi yako ni nzima. Kagua nyaya na kifaa cha upande wa pili.