Kabla ya kipimo, namtazama paka mashavu

Paka dume akiletwa kwangu kupimwa virusi, kwanza namtazama mashavu na masikio. Shume mzoefu wa vita hana siri. Masikio yamechanika, mashavu yametuna, na mara nyingi kuna jipu lililotokana na meno ya mwenzake, shingoni au karibu na shina la mkia. Ukilitumbua, usaha wake unanuka chumba kizima. Hapo tayari nawaza FIV, virusi ambavyo wengi huviita ukimwi wa paka. (Na hapana, haviambukizi binadamu. Swali hili halikosekani.)

Niels Pedersen na Janet Yamamoto walivitambua mwaka 1986 kwa paka wa Petaluma, California. Tangu hapo, tafiti za nchi mbalimbali zimekuwa zikitaja vihatarishi vilevile: paka ni dume, amekomaa, hajahasiwa, anazurura nje. Ukiniuliza mimi, vyote hivyo ni kitu kimoja tu, ugomvi. Virusi vimo kwenye mate, lakini ili viingie mwilini kwa kawaida lazima jino lizame nyamani. Dume asiyehasiwa ana eneo la kulinda na majike wa kugombania, na kila mwaka anaoishi nje unamwongezea mapigano. Paka wanaoelewana, hata wakila sahani moja, huambukizana FIV kwa nadra sana.

Leukemia ya paka, FeLV, ambayo virusi vyake viligunduliwa na William Jarrett na wenzake Glasgow mwaka 1964, inafuata njia nyingine. Kung'atana kunaieneza pia, ila yenyewe hupita hata kwa kulambana na kuchangia bakuli, na mama huwapa wanawe tumboni au kwa maziwa. Kadiri paka alivyo mdogo, ndivyo anavyoshindwa kuikabili. Kwa hiyo nyumba inayonitia wasiwasi zaidi ni ya yule msamaria anayeokota vitoto vya paka sokoni na kuviachia siku hiyohiyo vilale na wengine.

Mgeni akae chumba chake, apimwe, kisha arudiwe kipimo: FeLV baada ya siku 30 hivi, FIV baada ya 60, kwa sababu maambukizi mapya hayaonekani mapema. Kitoto cha chini ya miezi 6 kikionyesha FIV, tafadhali msikimbilie kukidunga sindano ya kukiua. Huenda kipimo kimeona kingamwili za mama yake tu.

Chanjo ya FeLV ipo. Kwa FIV, mhasini dume na mumzuie kutoka usiku.

Matandiko hayahitaji kuchomwa moto, maana virusi hivi viwili hufa upesi vikikauka. Ila kama paka wenu alikufa kwa panleukopenia, ugonjwa mwingine wa virusi vya paka, hilo ni jambo jingine kabisa. Virusi vyake vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka mzima na sabuni ya kawaida haviijali. Pigeni deki kwa maji ya jiki, na msilete paka mwingine kabla hajamaliza chanjo.